UZI: Kigoma na Tabora ziko kwenye reli moja, kwa nini biashara zake hazikui kwa njia moja?

#1 MizaniYaKati

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukigusa biashara za mikoa yetu hii miwili, mjadala unaishia kwenye makabila. Waha wanajua kutafuta, Wanyamwezi wamezoea kulima, na kadhalika. Naomba safari hii tuweke hilo kando tuangalie mambo yanayopimika.

Mikoa hii inafanana sana. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914. Kote mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kote kuna miombo, kote Dar ni mbali, na enzi za mkoloni kote kulitoa vibarua wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Ukiangalia vitu hivyo tu ungetarajia ujasiriamali ukue kwa sura moja.

Haukukua hivyo. Kigoma imejaa wachuuzi wanaozungusha mtaji mdogo kila wiki bila kumtegemea mtu: dagaa, migebuka, mawese, sabuni, vitenge vya kuvuka ziwa. Ila wanaopanda hatua ya pili, yaani kuwa na ghala, mashine na hesabu zinazosomeka benki, ni wachache. Tabora wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge ni kinyume: kuna AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi vya wakulima) zenye maghala, akaunti na historia ya mikopo, lakini biashara ya mtu mmoja mmoja inaamka msimu wa malipo halafu inasinzia.

Hoja yangu ni kwamba mambo mawili yanaamua zaidi ya mengine yote. La kwanza, fedha inaingia lini. La pili, nani ameshika mizani siku ya kuuza. Ziwa linalipa kila usiku. Tumbaku inalipa mara moja kwa mwaka, na bei yake anaitamka mtu mwingine akiwa amesimama mbele ya mtumba wako (furushi la tumbaku lililofungwa). Watu wakikulia kwenye kalenda hizo mbili tofauti kwa miaka 60, lazima wajenge biashara tofauti.

Historia nayo imechangia. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 ukafa 1951. Karanga zilishindwa, lakini mashamba yaliyosafishwa na barabara vilibaki, na tumbaku ikaingia humo humo. Kwa hiyo Tabora ilirithi kilimo cha kupangiwa kutoka juu. Kigoma haikupewa zao kubwa la aina hiyo. Watu walijitafutia ziwani na kwenye michikichi ya mababu zao.

Anayejua kwa undani upande mmojawapo aweke hapa namba na hatua. Maneno ya jumla yametosha.

#2 KibiriziUsiku

Naunga mkono hoja, mkuu, ila rekebisha kidogo hapo pa "kila usiku". Ziwa halilipi kila usiku. Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwa mpevu. Vipe (mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wavu katikati) vinafanya kazi wakati wa giza, halafu siku kama saba hadi kumi za mbalamwezi vinapumzika. Kila mwezi mtaji wa mchuuzi unalala wiki nzima na zaidi. Hapo ndipo watu wengi wanakula mtaji bila kujua. Mauzo ya giza wanayaona yote kuwa faida, mbalamwezi inapoingia wanaishi kwa kuchota humo, na giza linalofuata wananunua ndoo tatu badala ya tano.

Halafu kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Miezi mitatu. Mwenye dagaa wakavu waliofungwa vizuri ghalani aliuza bei ikiwa juu. Mwenye biashara ya kununua leo na kuuza kesho alikaa.

#3 MgeniWaNzega

Mama Kichanja nakuona online, shikamoo. Naomba msaada. Nataka kununua dagaa wabichi kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi au Katonga, nikaushe, nipeleke kwa treni hadi Tabora, kisha kwa gari hadi Nzega na Igunga. Watu wananiambia faida ni mara mbili. Ni kweli?

#4 MamaKichanja

Marahaba mwanangu. Hiyo "mara mbili" inatoka kwa watu wanaolinganisha bei ya kilo mbichi na bei ya kilo kavu bila kukumbuka maji. Fuata hesabu hii polepole.

Dagaa mbichi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo 100 mbichi zina kama kilo 25 za nyama na mifupa, na dagaa aliyekaushwa vizuri bado anabaki na maji kidogo, kwa hiyo utaanua kilo 28 hivi. Maana yake kilo moja kavu imekula kilo tatu na nusu mbichi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa, yenye kilo 18 hadi 20, itakupa kilo tano kavu, au tano na kidogo. Kwa hiyo bei ya kilo mbichi zidisha kwa tatu na nusu kabla hujaweka kibarua wa kuanika, ushuru, magunia na nauli. Ukiona bei ya kavu sokoni Nzega haizidi mara nne na nusu au tano ya bei mbichi ya siku hiyo hapa mwaloni, usinunue. Rudi nyumbani ukalale.

Kazi yenyewe sasa. Vipe vinarudi alfajiri. Dagaa aliyefika saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe ameanikwa kabla ya saa mbili. Akikaa kwenye ndoo mpaka saa nne tumbo linapasuka, anakuwa mwekundu, na hata ukimkausha kwa jua la namna gani hatang'aa. Mnunuzi wa Tabora na Nzega anatazama kung'aa kwanza, hajagusa wala kunusa.

Kichanja kiwe juu ya ardhi kama mita moja, nguzo za miti, juu yake wavu wenye matundu madogo. Anika tabaka moja, dagaa wasipandane. Geuza baada ya saa mbili au tatu. Jua likiwa kali, jioni ya siku hiyo hiyo unaanua. Jinsi ya kupima: mkunje mmoja katikati. Akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda bila kuvunjika bado ana maji, na huyo ndiye atakayeota ukungu ndani ya gunia ukiwa umefika Urambo. Wadudu nao wanampenda huyo huyo.

Wanaoanika chini kwenye mchanga wanaokoa gharama ya kichanja, lakini mchanga unaingia kwenye matumbo na hautoki hata kwa chekecheo. Mama wa Nzega akipika mara moja akasaga mchanga menoni hatarudi kwenye meza yako. Kichanja kimoja kizuri hukaa misimu kadhaa, kigawanye kwenye kila gunia utaona ni hela ndogo.

Masika uwe na turubai karibu muda wote. Mvua ikimnyeshea dagaa aliyekauka nusu, vichwa vinakatika na thamani inashuka hadi chakula cha kuku. Ndiyo sababu Desemba mpaka Machi wachuuzi wazoefu wananunua kidogo kidogo, ingawa dagaa wapo.

La mwisho, uzia kwenye mizani. Ukiuza kwa gunia watakudai lumbesa (gunia lililojazwa kupita mdomo), na lumbesa moja inabeba faida yako yote.

#5 UramboMabani

Mama Kichanja ametenda haki. Sasa niseme upande wa tumbaku, maana wengi mnadhani mkulima wa Tabora hana hesabu. Anazo, ila hazimpi nafasi ya kujiongoza.

Tazama kalenda. Vitalu vinaanza Agosti na Septemba. Miche inahamia shambani Novemba na Desemba. Kuchuma na kukausha ni Januari hadi Machi au Aprili. Masoko yanakuja baada ya hapo. Pembejeo (mbolea za NPK 10:18:24 na CAN, dawa, nyuzi, magunia ya kufungia) anapewa kwa mkopo kupitia AMCOS, na AMCOS inakopa kwa dhamana ya mkataba na kampuni inayonunua. Malipo yakija, deni linakatwa kwanza, na kinachobaki ndicho anachokiona mkulima. Wanachama wanadhaminiana, kwa hiyo mwenzako akitorosha tumbaku yake na kuuza pembeni, deni lake linaweza kukatwa kwako wewe uliyepeleka yote.

Sasa ngoja niwaonyeshe thamani inapopotelea, maana wengi hawajawahi kuingia ndani ya bani (jengo la kukaushia tumbaku).

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa hatua tatu, siku sita hadi saba kwa jumla. Hatua ya kwanza ni kuivisha rangi: joto liwe kati ya nyuzi 35 na 38, unyevu uachwe ndani, jani ligeuke njano. Hii huchukua siku mbili hivi. Hatua ya pili ni kukausha jani lenyewe: unafungua matundu ya hewa na kupandisha joto kidogo kidogo hadi nyuzi 50 na kitu. Hatua ya tatu ni kukausha ule mshipa mnene wa katikati, joto linafika 70. Mchochea moto akisinzia usiku wa pili, halafu akiamka na kurundika magogo ili afidie, joto linaruka kabla jani halijaiva, na ile rangi ya kijani inafungwa humo humo. Haitoki tena. Akikosea upande wa pili, akaacha unyevu mwingi muda mrefu baada ya jani kuwa njano, jani linageuka kahawia. Bani zima limeshuka daraja kwa sababu ya saa tatu za usingizi.

Baada ya hapo kuna kupanga madaraja. Yapo makumi, kwa nafasi ya jani kwenye mmea, rangi, na ubora. Mteuzi anapita, anatamka daraja, kazi imeisha. Na ukifunga mtumba kwa kamba ya nailoni, au likakutwa unyoya au kipande cha plastiki ndani, mtumba unakataliwa hata kama jani ni zuri. Tumieni nyuzi za pamba au katani na magunia ya jute tu.

Kwa hiyo Mkuu MizaniYaKati, mtu anayeishi hivyo anajifunza ustadi wa hali ya juu wa kutengeneza bidhaa, na hajifunzi kabisa kutafuta mnunuzi, kupanga bei, wala kugawa fedha kwa wiki. Mnunuzi yupo, bei ipo, fedha inakuja mara moja. Biashara zinazoota pembeni yake zinafuata umbo hilo: maduka yanayokopesha mahindi Januari na kudai Julai, wauza pikipiki na mabati wanaojaa mwezi wa malipo, halafu kimya. Dukani Kaliua ukiangalia daftari la madeni utaona mwaka mzima wa kijiji umeandikwa humo.

#6 SimbaMwitu88

Tatizo letu ni uvivu wa kufikiri tu. Malaysia walikuja Kigoma wakachukua mbegu za michikichi, leo ni matajiri wa dunia na sisi tunaagiza mafuta kutoka kwao. Hakuna cha kalenda wala mizani.

#7 MizaniYaKati

Mkuu Simba, hii habari inarudiwa sana na si kweli. Michikichi ya kwanza ya kibiashara ya Asia ya Kusini Mashariki ina asili ya miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Kutoka hapo ilienda Deli, Sumatra, na Malaysia ikaanza shamba la biashara 1917. Kigoma haimo.

Ila mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Linganisha Malaysia na Nigeria, nchi zilizokuwa na zao lile lile chini ya mkoloni yule yule. Nigeria ndiyo iliyokuwa ikiongoza kuuza mawese nje. Bodi za mazao zilikuwa zikimlipa mkulima chini ya bei ya dunia na kubaki na tofauti, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kung'oa mchikichi wa zamani na kupanda mpya. Malaysia mwaka 1956 ilianzisha FELDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza ardhi: familia inapewa eneo la ekari kama 10, miche bora, na kiwanda jirani. Katika miaka ya 1960 Malaysia ikampita Nigeria. Mkulima wa Nigeria hakuwa mvivu. Alipiga hesabu sahihi ya kutowekeza.

#8 Mchikichi_Ujiji

Nyongeza kwa Simba, maana hapo kwenye "kiwanda jirani" ndipo penye siri.

Tunda la mchikichi linaanza kuharibika likishakatwa. Mafuta yanapanda tindikali kila siku linapokaa. Kiwanda kinachojiheshimu kinataka mikungu ndani ya saa 24. Kwetu mikungu inakatwa, inaachwa siku kadhaa ili ngazi (matunda yenyewe) zidondoke kwa urahisi, halafu foleni ya mashine inaongeza siku nyingine. Mafuta yanatoka, ila yana tindikali nyingi, na soko lake linakuwa sabuni au mnunuzi anayeshusha bei. Kazi ya mwaka mzima imepotezwa na wiki moja.

Kosa la pili ni maji. Baada ya kuchemsha ngazi saa moja au mbili, kukamua zikiwa moto na kuengua mafuta, lazima uyarudishe jikoni kwa moto mdogo mpaka mapovu yaishe na sauti ya kuchatachata inyamaze. Hapo maji yametoka. Ukiyajaza kwenye dumu kabla ya hapo yanachacha kabla hayajafika Tabora.

La tatu ni mbegu. Michikichi mingi ya zamani Kigoma ni Dura. Kata tunda katikati kwa kisu: Dura ina gamba nene na nyama nyembamba. Tenera ina gamba jembamba, na ukitazama vizuri utaona duara la nyuzi nyeusi kuzunguka gamba hilo. Kwa mashine ndogo Dura hutoa kilo 8 hadi 12 za mafuta kwa kilo 100 za mikungu. Tenera kwa mashine nzuri inafika 18 hadi 22. Miche ya Tenera chukueni TARI Kihinga (kituo cha utafiti wa kilimo), na msiokote mbegu chini ya Tenera ya jirani mkapanda. Tenera ni chotara. Katika kila miche minne ya mbegu zake tegemea miwili kuwa Tenera, mmoja Dura, na mmoja Pisifera ambao kwa kawaida hauzai matunda ya maana. Mtu analea shamba miaka minne ndiyo anagundua robo yake ni kivuli tu. Nafasi ni mita 9 kwa pembetatu, miche kama 58 kwa ekari.

Msitupe mise. Kokwa zile zikipasuliwa zina mafuta yake, wapika sabuni wanayatafuta.

#9 NyegereHapiti

Mnaiacha asali? Tabora ina zao ambalo halina mkataba wala mteuzi, na bado haijazaa wafanyabiashara wengi. Hii inaipa shida kidogo hoja ya mizani.

#10 UramboMabani

Swali zuri. Asali inalipa kwa misimu miwili ya maua, na mkubwa ni ule wa katikati ya mwaka. Shida iko kwenye ukusanyaji. Mizinga imetawanyika porini, mrinaji mmoja anatoka na ndoo mbili tatu, mnunuzi mkubwa anataka tani za asali inayofanana. Katikati yao anatakiwa mtu mwenye rifraktometa (kipimo cha maji kwenye asali), ghala safi na mtaji wa kununua taslimu ndani ya wiki chache. Huyo ndiye anayekosekana, na mwezi huo huo kijiji kizima kinasubiri malipo ya tumbaku, hakuna mwenye taslimu.

Ubora nao: rina masega yaliyofunikwa nta angalau theluthi mbili. Asali ikizidi maji asilimia 20 inachacha na ndoo inavimba. Moshi uwe wa kiasi, maana harufu ya moshi haiondoki kwa kuchuja. Anayetengeneza mzinga wa viunzi vya juu apime kila kiunzi milimita 32 kwa nyuki wetu. Ukizidisha, wanajenga masega ya kuunganisha viunzi viwili, na siku ya kurina unavunja kila kitu. Waya wa kuning'inizia upakwe grisi dhidi ya siafu, na mzinga uwe juu kumzuia nyegere mwenyewe.

Lingine linaniuma. Mizinga ya magome inaua mti mzima kwa mzinga mmoja, na mabani ya zamani yanakula kuni za miombo ile ile inayowalisha nyuki. Biashara moja inakula mtaji wa nyingine. Mabani ya kisasa yenye tanuri lililofungwa vizuri yanapunguza kuni sana, AMCOS ziyasukume.

#11 ManyovuBoda

Kwa wanaovuka mpaka: Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo tangu 2022. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika, unaombewa cheti cha uasili kilichorahisishwa pale pale mpakani na haulipi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya ya mimea na samaki bado vipo. Na msikopeshe kwa faranga. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiwango kikubwa kwa mkupuo, na deni la faranga likalipwa lote, likiwa na thamani pungufu. Andikeni deni kwa shilingi au kwa kilo.

#12 MizaniYaKati

NyegereHapiti, nimekubali. Mizani peke yake haitoshi, taslimu kwa wakati wake ina uzito zaidi.

Hapo ndipo mikopo yetu inapokosea. Marejesho ya kila mwezi yanayolingana yanamfaa mwenye mshahara. Mchuuzi wa dagaa alipe kila wiki wakati wa giza na asilipe kabisa mbalamwezi. Kwa mwaka ni wiki 36 hivi za malipo, na mkataba uandike wazi kwamba ziwa likifungwa malipo yanasimama. Mkulima wa Tabora alipe mara moja baada ya soko, ila akopeshwe kwa vipande: kidogo vitalu, kidogo kupandikiza, kidogo kuni na chakula Januari. Akipewa zote Septemba, Januari anarudi kwenye daftari la duka. VICOBA wanaweza kuanza na hili leo, katiba ya kikundi ni yao wenyewe.

#13 MgeniWaNzega

Nashukuruni sana wakubwa. Mama Kichanja, nianze na kiasi gani?

#14 MamaKichanja

Ndoo tano, mwanangu, siku ya tatu ya giza, baada ya bei kutulia. Utapata kilo 25 hivi kavu, gunia moja. Kaa nayo mwenyewe kichanjani kuanzia kuanika mpaka kuanua, usimwachie kibarua mara ya kwanza. Pima uzito kabla ya kufunga, andika kwenye gunia, pima tena Nzega. Ikipungua zaidi ya kilo moja njiani, ama hukukausha, ama kuna mkono umeingia. Kunja dagaa watatu kutoka katikati ya gunia ujue ni lipi.